Gauni la Vichwa Vilivyoinama

Nsimire mwanangu,

Saa hii uko Katana, umekaa kwenye kitanda cha koko yako, mama yangu, amekushika mkono na anakulisha. Hata ukisema umeshiba atakuongezea, kwa sababu kwake mtu anayeondoka ni mtu mwenye njaa. Mimi niko hapa nyumbani Kadutu, kwenye meza ya kukatia. Mlango uko wazi, natumia mwanga uliobaki, maana nataka uyasome haya jioni ukirudi, kabla hujafunga valizi. Mwandiko wangu unaujua. Mistari inapanda kama watu wanaokuja sokoni na mizigo. Utavumilia.

Sitakuandikia mambo ya kuchemsha maji, wala ya kuficha pasipoti, wala ya wanaume wa Dar es Salaam. Tantine Ghislaine aliyasema yote Jumapili, na ya wanaume aliyarudia mpaka sosi ikaungua. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya gauni.

Unayakumbuka maneno yako. Ulisimama hapo mlangoni siku ile jibu la shule ya Dar es Salaam lilipofika, umekubaliwa kwenda kujifunza kuchora michoro ya vitambaa, nami nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Wewe hukupiga. Ulisema tu, "Maman, minaweza kungojea mwaka ingine. Minaenda, nani atakuangalilia bichwa?" Nikakujibu kwamba vichwa vya vitambaa nitaviangalia mwenyewe. Ukacheka, lakini nilikuona. Ndipo ukaniwekea sharti: "Basi ukate gauni moja peke yako, mi niko Katana. Bichwa byote bikuwe juu, nitaenda na roho muzuri. Kama hata kimoja iko chini, minabakia." Na mimi na kiburi changu nikasema, haya, nimekubali.

Gauni limekwisha. Liko hapa mbele yangu, limepigwa pasi na kukunjwa. Usilifunue kwanza. Maliza kusoma.

Unajua nilijifunza kushona kwa maman Georgette, ambaye wewe hukumkuta. Alikuwa mwanamke mnene, mpole kwa watu na mkali kwa makasi. Neno lake kubwa lilikuwa moja: kitambaa hakitupwi. Alitufundisha kulaza patroni za karatasi juu ya kitambaa cha kikwembe, moja ikiangalia juu, nyingine ikiangalia chini, zilale kama watoto wengi kwenye kitanda kimoja, kichwa cha huyu na miguu ya yule. Hivyo unapata gauni na bado unabaki na kipande cha kilemba. Bukavu nzima tunakata hivyo. Mteja akiona kilemba cha bure anafurahi, anarudi. Nimekula kwa ujuzi huo miaka mingi, nikakulea wewe kwa ujuzi huo baada ya papa yako kutuacha, Mungu amweke mahali pema. Simlaumu maman Georgette hata kidogo. Alinifundisha kwa vitambaa vya wakati wake, vyenye maduara na maua ya kutawanyika, ambavyo ukivigeuza ni vilevile.

Kisha yakaja matone.

Wakati yanafika sokoni kwetu wewe ulikuwa mdogo. Tone kubwa lenye ncha iliyopinda pembeni, tumbo limejaa maua madogomadogo na vijani, na kuzunguka lote kuna mstari mwembamba kama ukili. Wauzaji waliliita avoka, yaani parachichi. "Unataka avoka ya buluu ao ya kijani?" Koko yako ndiye aliyekataa jina hilo. Alikuja siku moja na mboga zake kutoka Katana, akakaa kwenye kile kigoda, akaangalia kikwembe kilichokuwa kwenye mashini. "Avoka namna gani? Ile iko kichwa ya mutu anasikiliza." Tukatazama, na kweli, ni mtu aliyeinamisha kichwa kidogo upande, kama wewe ulivyokuwa unafanya nikikusimulia jambo. Tangu siku hiyo katika nyumba hii hatusemi matone wala avoka. Tunasema vichwa.

Ungefikiri mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba hivi ni vichwa atajua pa kuvielekeza. Akili ni nywele, mwanangu, na mimi siku zile nilikuwa nimenyoa.

Ile kazi ya harusi ulikuwepo, lakini ulikuwa bado na uniforme ya shule na hujui niliyopitia kabla hujaingia. Familia ya bibi harusi ilikuwa imechagua kikwembe cha vichwa, udongo mwekundu na vichwa vya manjano, kwa ajili ya mashangazi wote na wamama wa upande wao. Walininunulia mzigo mzima, mwuzaji akaniambia hakuna mwingine wa rangi ile, aliuleta kutoka mbali na umekwisha. Nilikata kwa siku chache. Nilikata kama nilivyofundishwa, huyu juu, yule chini. Nilikuwa na haraka na nilikuwa najisikia, kwa sababu haikuwa imetokea kupewa kazi kubwa namna ile. Nikashona ya kwanza na ya pili, nikazitundika ukutani pamoja, nikarudi nyuma kuzitazama.

Moja ilikuwa imeinua vichwa. Nyingine ilikuwa imeviangusha vyote, imesimama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Na vipande vilivyobaki mezani vilikuwa hivyohivyo, nusu kwa nusu.

Mama wa bibi harusi alipita jioni ile kuangalia. Yule mwanamke hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Aligusa ile gauni ya vichwa chini, akaniuliza polepole: "Unataka tuingie mu kanisa bichwa chini sawa batu ba matanga?" Akasema atarudi kesho, akaenda. Nilikaa. Sikulia, nilikaa tu, nikapanga maneno ya kuwaambia watu kwamba nimeacha kushona.

Ukaingia wewe. Nakushukuru kwamba hukucheka, maana binti mwingine wa umri wako angecheka. Hukuniuliza pia ni nani amefanya hivi. Ulitupa mfuko wa shule, ukachukua kipande cha vichwa juu na kipande cha vichwa chini ukaviweka mezani kimoja kando ya kingine. Ukavisogeza. Ukavitenga kidogo, ukaweka katikati utepe mweusi uliokuwa umebaki kwenye kazi ya kwaya. "Maman, angalia," ukasema. "Beko banasalimiana."

Ndivyo ilivyokuwa. Upande mmoja kichwa kinainama kuja, upande wa pili kinainama kwenda, na utepe katikati kama mlango wa nyumba. Tulikata kila gauni katikati kwa urefu, na zile mbili nilizokwisha kushona tukazifumua, kisha tukaoanisha nusu ya vichwa juu na nusu ya vichwa chini. Kesho yake mama wa bibi harusi alizikuta mbili za kwanza zimetundikwa ukutani. Nikamweleza bila kuficha: makosa ni yangu, dawa ni ya mtoto. Akazungusha gauni upande huu na ule, kisha akasema, "Famiye mbili. Hii ya kwetu, ile ya kwabo." Siku ya harusi waliingia kanisani wamejinyoosha, na kwa miezi baadaye wanawake walikuja kwangu wakitaka mshono wa kusalimiana. Kila mmoja nilimwambia ulitoka kwa nani. Sijui kama ulikuwa ukisikia, ulikuwa unajifanya unasoma.

Kwa hiyo nakushukuru, Nsimire. Sikuwahi kukaa chini nikalisema vizuri. Nilikupa soda na beignets, yale maandazi ya sokoni, nikafikiri nimemaliza.

Toka hapo ukawa ndiye unayepita mezani kabla sijashika makasi. "Juu, juu, hii geuza, juu." Nilizoea sauti hiyo kuliko redio. Na wakati huohuo macho yangu yalikuwa yanashuka pole pole, lakini kwa kuwa uko, sikuona kwamba sioni. Hapo nilikosea tena. Badala ya kwenda kwa daktari, nilinunua miwani pale barabarani, ile ya kujaribu moja baada ya nyingine mpaka uone namba za pikipiki. Nikakwambia ni ya daktari. Ulijua, kwa sababu ilikuwa bado na karatasi ya bei kwenye mguu wake. Ukainyamazia siku hiyo, na wiki iliyofuata ukanipeleka hospitali mwenyewe kwa mkono. Daktari akasema mbali nitaona, na nyuso nitaziona, lakini mambo madogo ya mezani yataendelea kunikimbia, miwani itasaidia kiasi. Tulirudi kwa basi. Najua ni siku hiyo ulipoanza kufikiri kwamba huwezi kwenda popote.

Sasa nikukumbushe jambo lingine, maana najua Dar es Salaam watakuuliza na utatakiwa uwe na jibu. Siku ile umekuja na simu yako unasoma, ukaniambia vichwa vyetu si vya kwetu. Ukasema vilianza Uajemi, nchi inayoitwa sasa Iran, zamani sana, kwa wafumaji wa huko. Wengine wanasema ni mti wa sipre ulioinamishwa na upepo, wengine wanasema ni mwali wa moto, wenyewe hawajakubaliana. Vikaenda Uhindi kwenye mashali, vikaenda Ulaya kwenye viwanda, vikachapwa kwa rangi, vikapanda meli, na mwisho vikafika kwetu Kadutu vikaitwa avoka. Ukasema pwani wanaviita korosho na kuvitia kwenye kanga.

Mimi nilikasirika, unakumbuka? Nilikuwa nimewaambia wateja miaka yote kwamba huu ni mchoro wa mababu. Nilijiona nimedanganya watu. Nikakwambia, "Donc, basi hatuna kitu chetu?" Na wewe, hata hukuinua kichwa kwenye simu, ukanijibu: "Maman, avoka yenyewe ilikuya toka mbali. Muhogo pia ilikuya. Unataka tuache kula majani yake, sombe yetu?"

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi kuliko unavyodhani. Juma lililofuata nilipokwenda Katana kumwona koko, nilipita njia ile ya misheni yenye miti ya sipre, na upepo ulikuwa unatoka ziwani. Nimepita pale tangu utoto wangu. Nikaiona miti imeinama ncha zake, yote upande mmoja, na nikasimama barabarani kama mjinga na kikapu changu. Mtu fulani wa Uajemi, ambaye sitamjua jina, aliona mti kama huu akaupenda mpaka akauweka kwenye kitambaa. Koko yako hakuwahi kusikia habari za huyo mtu, akaona kichwa kinachosikiliza. Wewe ukaona watu wawili wanasalimiana. Nilimshukuru yule mtu pale barabarani, kwa Kimashi, kwa sababu ndiyo lugha iliyonijia. Alikulisha wewe bila kujua.

Basi huko unakokwenda wakikuambia leta mchoro wa kwenu, usihangaike kutafuta kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani amewahi kukigusa. Sijui kama kipo. Mimi nilipoteza muda kuona aibu kwa kitu kilichotembea, na wewe pia kesho unaanza kutembea. Sitaki urudi ukiwa na aibu ya kwamba umetoka mahali, wala ya kwamba umekwenda mahali.

Haya, gauni.

Ulipoondoka kwenda Katana nilitoa kikwembe nilichokificha chini ya godoro tangu mwaka jana, buluu yenye vichwa vyeupe, kwa ajili ya siku hii. Sikumwita mtu. Nilikuwa nimegundua njia yangu mwenyewe na nilikuwa naona fahari nayo: kwenye ukingo wa kikwembe kuna yale maandishi ya kiwanda, makubwa, hayo ninayaona. Maandishi yakiwa upande wa mkono wangu wa kushoto na yanapanda, vichwa viko juu. Sihitaji kuviona vichwa vyenyewe. Nikakata mbele, nikakata nyuma, nikakata mkono wa kushoto, kila mara nikitafuta maandishi kwanza. Niliimba, mwanangu. Nilikuwa nakuona ukirudi na kukagua na kukosa la kusema.

Mkono wa kulia nikaukata kwenye kipande kilichobaki katikati, ambacho hakikuwa na ukingo. Nilikitazama, nikakisogeza mlangoni, nikakitazama tena. Nikajiambia, juu ni huku. Nikakata.

Maman Furaha, jirani yetu, alikuja leo mchana kuazima makaa. Nikamtundikia gauni mbele yake kwa majivuno yote. Akalitazama, akasogea karibu. "Maman Nsimire, huu mukono wa kuume," akasema. "Bichwa biko chini."

Tukautazama pamoja pale kwenye jua, na sasa hata mimi niliviona. Akasema tufumue. Nikamwambia mkono una bega lake na kikomo chake, hauwezi kugeuzwa, na kitambaa kimekwisha. Akasema basi tushonee utepe wa kuficha, tujaze mapambo kwenye kola, mtoto hataona. Alisema kwa mapenzi. Nilifika mpaka kushika sanduku la tepe. Nilijua kwamba ukiviona tu utaweka valizi chini, utanikumbusha ulivyosema, na utabaki. Utabaki mwaka huu, na mwaka ujao macho yangu yatakuwa mabaya zaidi, basi utabaki tena, na siku moja utakuwa mwanamke wa makamo anayeangalia vichwa vya mama yake. Niliogopa hilo kuliko ninavyoogopa kukosa kuona.

Lakini nikafunga sanduku. Nisingeweza kukutuma duniani ukiwa umevaa jambo nililokuficha.

Kwa hiyo nakuambia mwenyewe: sharti lako limenishinda. Vichwa vya mkono wa kulia viko chini. Nami nakuomba uende hivyohivyo.

Sikuombi kwa sababu sitakuhitaji. Nitakuhitaji kila asubuhi nikikunjua kitambaa. Maman Furaha amekubali kupita kabla sijakata, atapiga kelele nyingi kuliko wewe na atakosea, na nitapeleka kazi nyingine zikiwa zimepinda. Wateja wengine watakwenda kwa mwingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nitashona mapazia, nitashona uniforme za shule ambazo hazina kichwa wala miguu. Maisha yangu bado yana kazi ndani yake. Ila hayana haki ya kula ya kwako.

Nilikuwa nimekaa hapa na gauni mapajani, nikitafuta maneno ya kukushawishi, na nikajiuliza wewe ungefanya nini na mkono huu. Ungeusogeza, ungeujaribu huku na kule. Basi nikalivaa gauni mimi, likanibana kila mahali, Maman Furaha akacheka mpaka akakaa chini. Nikasimama mbele ya kioo. Nikafanya kama mtu anayeaga. Kisha nikaacha kucheka, nikamwita aje aone.

Kesho tutashuka wote hadi mtoni Ruzizi, kwenye mpaka wa nchi. Mimi nitaishia upande huu, wewe utavuka daraja kwa miguu na valizi yako. Vaa gauni hili. Ukifika ng'ambo, kabla hujaingia kwenye basi, geuka unitafute, nitakuwa nimesimama mahali pa wazi na kilemba cha manjano. Mbali bado ninaona. Inua mkono wa kulia juu kabisa, mwanangu, uniage vizuri.

Mkono ukiwa juu, vichwa vyote vitakuwa vimesimama. Ukishaushusha, usirudi kuniangalia, nenda.

Maman yako